Pindua Kiti Kwanza: Mwongozo wa Kupima Nyumba ya Kisasa Yenye Asili, Masereka hadi Beni

Nyumba ya tajiri wa Butembo ina sura yake, na kila aliyewahi kukaribishwa huko anaifahamu: sakafu ya vigae vyeupe vinavyong'aa, dari ya jipsamu yenye ngazi mbili tatu na taa za rangi zilizofichwa ndani yake, makochi mazito ya ngozi bandia, kabati la kioo, na maua ya plastiki. Mji wa wafanyabiashara wanaokwenda Dubai na Guangzhou kutafuta shehena hauwezi kukosa mtindo huo. Ni mtindo wa bidhaa zilizosafiri.

Siku hizi kuna ladha nyingine inayochipuka. Watu wanataka mbao inayoonyesha mistari yake, tofali jekundu lisilofunikwa kwa plasta, kirago cha mafunjo, chungu, gome la mti ukutani, na rangi za udongo na nyasi kavu. Vijana wanaiona kwenye simu, katika picha za nyumba za Cape Town na Nairobi, kisha wakiinua macho wanakuta malighafi yote iko kwao. Milima ya Lubero, na Masereka ndani yake, imevaa mikaratusi. Mabonde yana udongo wa tofali, vinamasi vina mafunjo, na Beni ni mlango wa msitu wa Ituri.

Ladha ikishaingia mjini, uongo haukawii. Tayari kuna vigae vilivyochapwa picha ya mbao, karatasi ya ukutani yenye picha ya tofali, na mkaratusi mbichi uliopakwa rangi ya kahawia nzito ili uuzwe kwa bei ya mti wa msituni. Mwongozo huu ni wa anayetaka kununua, kuagiza au kusifia kwa haki. Kanuni yake ni moja na itarudi kila mahali: ubora wa nyumba ya namna hii umekaa upande ambao mgeni haangalii. Chini ya meza, nyuma ya kabati, kitako cha kikapu, ukingo wa paa. Fundi mzuri hukuruhusu upindue kazi yake. Anayekuambia "usiguse, vanishi haijakauka" kwa wiki ya tatu, muage kwa heshima.

Joto kwanza, rangi baadaye

Wauzaji wakisema nyumba "yenye joto" wanamaanisha rangi. Kule Masereka neno hilo lina maana ya kawaida kabisa. Hapo mwinuko unapita mita 2,000, na alfajiri ya msimu wa mvua mtu hujifunika blanketi mbili. Butembo iko karibu mita 1,800, na wastani wa joto lake ni nyuzi 18 hivi. Beni, kilomita 54 hivi kutoka Butembo, imeshuka hadi karibu mita 1,200. Huko kuna kakao, vanila na jasho. Nyumba inayofaa Beni itamtesa mtu wa Masereka, na ya Masereka itamkosesha usingizi mtu wa Beni.

Kwa hiyo kipimo cha kwanza ni nyayo. Ingia pekupeku saa kumi na moja alfajiri. Kigae hunyonya joto la mguu haraka kuliko ubao au kirago, ingawa vyote vina baridi ileile ya chumba. Sebule ya Masereka yenye vigae vitupu, hata ikiwa na mapambo ya asili kila kona, bado haijaelewa mahali ilipo. Beni ni kinyume: huko sakafu ya saruji iliyosuguliwa vizuri, ikatiwa rangi ya udongo mwekundu, ni rehema. Nyumba iliyopangwa kwa kuangalia picha peke yake haina jibu kwa swali hilo, nawe utaligundua kabla hujafika kwenye kiti.

Mbao: isikilize kabla ya kuitazama

Sehemu kubwa ya pesa huishia kwenye mbao, na sehemu kubwa ya ulaghai pia. Miti unayoweza kukutana nayo katika karakana za Butembo ni ya aina mbili. Kuna ya kupandwa: mkaratusi, sipresi, grivilea. Kuna ya msituni, inayoletwa kwa malori kutoka pande za Beni na Mambasa: mvule, na libuyu wenye wekundu wa kahawia.

Mkaratusi ndio mti wa nyumbani, na una sifa mbaya usiyostahili yote. Shina lake hukua likiwa na mvutano mkali ndani. Msumeno unapolipasua, mvutano huo unafunguka, ubao unapinda na ncha zake zinachanika. Kosa huwa ni la haraka. Fundi anayeuheshimu mti huu huchagua shina nene lililokomaa, huzipaka ncha za mbao rangi au nta siku ileile ya kupasua, kisha huzipanga chini ya paa, vijiti vya unene mmoja katikati ya kila safu, mawe mazito juu. Halafu anasubiri. Hesabu ya mafundi wengi duniani ni mwaka mmoja kwa kila sentimita 2.5 za unene. Katika mji ambako mteja anataka makochi kabla ya harusi ya Jumamosi, subira hiyo ndiyo bidhaa adimu kuliko mvule.

Utajuaje kama alisubiri? Muulize, lakini usiishie kwenye jibu.

"Papa, mbao hii imekauka?"

"Imekauka kabisa, mama. Guse."

Gusa basi, kwa kiganja kizima. Ubao wenye maji ndani huwa na ubaridi unaong'ang'ania mkono. Kisha mwombe akushikie ubao mmoja katikati, uugonge kwa kifundo cha kidole: mkavu hujibu kwa sauti kali na fupi, mbichi hujibu kwa kishindo kizito kinachokufa palepale. Mwombe apitishe randa mara moja. Utepe wa ubao mkavu hukatika ukiuminya. Wa mbichi hukunjika laini na kuacha unyevu kwenye vidole. Ukitaka uhakika zaidi, chukua kipande kilichobaki, kipime kwa mizani ya mwuza maharage, kiweke juu ya jiko wiki mbili, kisha kipime tena. Kikipungua sana, meza yako pia itapungua, na haitapungua sawasawa: ubao husinyaa kwa upana karibu mara mbili ukifuata duara za umri wa mti kuliko ukielekea kwenye kiini. Tofauti hiyo ndiyo inayopindua ubao ukawa na shimo katikati.

Kuna ushahidi mwingine ambao fundi hawezi kuuficha kwa maneno. Tazama pembeni ya misumari na skrubu. Mkaratusi una tanini nyingi, na tanini ikikutana na chuma ndani ya unyevu huacha doa la bluu nyeusi. Doa kama hilo kwenye samani mpya, iliyokaa ndani siku zote, linasema kwamba mbao ilipigwa msumari ikiwa bado na maji.

Grivilea ni mti ambao wengi hawaujui thamani yake kwa sababu wameuzoea shambani kama kivuli cha kahawa. Ukipasuliwa kwa kuelekea kwenye kiini, uso wake hutoa vidoa vipana vinavyong'aa na kufifia unapozunguka meza. Vidoa hivyo havichapwi wala havipakwi. Udhaifu wake ni wadudu. Sehemu nyeupe ya nje ya shina hubunguliwa upesi, hivyo pindua na utafute vitundu vya ukubwa wa ncha ya sindano na unga laini sakafuni. Ukiuona unga, usikubali kuambiwa ni wa zamani.

Mvule huanza na rangi ya dhahabu na kuzidi kuwa kahawia kadiri miaka inavyopita. Ukiuona mweusi sawasawa ukiwa mpya, uliza kwa nini. Ndani ya baadhi ya mashina yake kuna mawe meupe ya chokaa yanayovunja meno ya msumeno; fundi aliyewahi kufanya kazi na mvule wa kweli atakuwa na hadithi ya mawe hayo. Libuyu uliopasuliwa vizuri huonyesha milia inayobadilishana mwanga na kivuli unapouinamisha. Anayeshuku apige mkwaruzo mdogo kwa ukucha au sarafu mahali pasipoonekana: rangi ya kupaka hukaa juu na chini yake kuna weupe, rangi ya mti haina mwisho.

Vanishi nene inayong'aa ni kawaida ya Butembo, na si dhambi kwa meza ya mgahawa. Lakini katika mtindo huu inaua kile ulichokinunua, kwa sababu mkono unagusa plastiki wala haugusi mti. Mafuta ya kukausha na nta ya nyuki huacha uso uliotulia, unaokwaruzika, na unaotengenezeka nyumbani kwa kitambaa. Dondosha tone la maji: likisimama kwa dakika kadhaa bila kuacha doa, kazi imefanywa. Pitisha vidole chini ya ukingo wa meza. Fundi aliyepiga msasa hadi huko alipiga kila mahali.

Viungo: mahali fundi anapojisemea mwenyewe

Kiti kizuri hushikwa na ulimi wa ubao ulioingia ndani ya tundu lake, gundi ikisaidia. Kiti kibaya hushikwa na misumari, na unga wa mbao uliochanganywa na gundi hujaza mianya. Mwanya mwembamba uliojazwa unasameheka. Ukiweza kuingiza ukucha, usisamehe. Weka kiti sakafuni palipo sawa, kaa, egemea kwenye pembe moja ya nyuma, kisha nyingine. Kisigune.

Chini ya meza tafuta jambo moja: je, ubao wa juu umeachiwa nafasi ya kupumua? Mbao hupanuka kwa upana wake mvua za Septemba hadi Desemba zinapoingia, na kusinyaa kiangazi. Fundi anayejua hutoboa matundu marefu ya skrubu, au hutumia vipande vidogo vya mti vinavyoteleza ndani ya mfereji. Asiyejua hukaza kila upande. Meza hiyo itapasuka katikati kabla ya Pasaka ya pili, na lawama itapewa mti.

Meza za ubao mmoja wenye ukingo wa asili, zilizoenea kwenye picha, zina babu yake. George Nakashima, fundi Mmarekani mwenye asili ya Japani aliyefariki mwaka 1990, alizitengeneza kwa miongo mingi huko New Hope, Pennsylvania. Hakuficha nyufa: alizifunga kwa kipande cha mti chenye umbo la kipepeo. Leo kipepeo hicho kinaigwa hadi Butembo, na kuna namna ya kukipima. Lazima kikatize ufa, mistari yake ielekee kuvuka ufa huo, kiingie ndani kwa kina cha kutosha, na kisiwe na jaza pembeni. Kipepeo kilichobandikwa mahali pasipo na ufa ni pambo la mtu asiyejua alichoiga. Maganda ya mti nayo yasibaki ukingoni. Yataanguka, na kabla ya hapo yatalea wadudu.

Kwetu kuna kigezo kimoja zaidi ambacho hakiko kwenye vitabu vya New Hope. Familia nyingi za Beni na Lubero zimelazimika kufunga nyumba na kuondoka ghafla, tena zaidi ya mara moja, tangu mauaji ya Beni yalipoanza mwaka 2014 hadi mapigano ya karibuni upande wa Lubero. Meza inayofunguka kwa kung'oa kabari nne za mti, ikalala bapa ndani ya lori na kufungwa tena upande wa pili bila kuyumba, ni kazi ya juu. Kabari hiyo ni ngumu kuikata kuliko kupiga skrubu, kwa sababu lazima ikaze bila gundi. Ukimpata fundi anayeimudu, usimbishie sana bei.

Tofali na udongo: anza kwa kutazama paa

Tofali la kuchoma likiachwa wazi ndani ya nyumba ndilo pambo la bei nafuu na lenye joto kuliko yote, ila halina mahali pa kujificha. Katika tanuru, yaliyo karibu na moto huiva kupita kiasi na kuwa meusi, ya pembeni hubaki mepesi na ya rangi iliyopauka. Mnunuzi mvivu hupokea yote pamoja. Gonganisha mawili: yaliyoiva hulia kama kengele. Vunja moja, katikati pakiwa na kiini cha kijivu au cheusi, moto haukufika. Loweka lingine usiku kucha. Asubuhi lisiwe limelainika wala kuacha tope ndooni.

Ukutani, angalia mistari ya saruji kuliko matofali yenyewe. Iwe na unene mmoja, kama sentimita moja, imerudi ndani kidogo, na uso wa tofali usiwe na michirizi ya saruji iliyofutwa kwa gunia. Weupe wa chumvi chini ya ukuta ni barua kutoka kwenye msingi: maji yanapanda. Mtu atakushauri kuufunika kwa vanishi. Kataa. Vanishi hufungia maji ndani, na tofali litamenyeka. Wapo pia wanaopiga plasta ya saruji, wakaipaka rangi nyekundu na kuchora mistari myeupe. Hiyo ni picha ya ukuta, ilipwe kama picha.

Udongo wenyewe, ule wa nyumba za miti na udongo walizojenga wazee wetu milimani, umerudi na heshima mpya duniani. Diébédo Francis Kéré wa Burkina Faso, Mwafrika wa kwanza kupata Tuzo ya Pritzker ya usanifu, mwaka 2022, alianza kujulikana kwa shule ya kijijini kwao Gando, iliyokamilika mwaka 2001 kwa matofali ya udongo yaliyoshindiliwa na kutiwa saruji kidogo. Wanaomwiga hutazama udongo. Wajuzi hutazama paa lake: limeinuliwa juu ya dari ili hewa ipite, na limetokeza mbele sana kuzikinga kuta na mvua. Kwa hiyo ukipelekwa kuona ukuta wa udongo Masereka, simama nje kwanza. Kama paa halijatokeza hatua nzuri nje ya ukuta, na kama sehemu ya chini ya ukuta haina jiwe au saruji ya kuzuia matone yanayoruka kutoka ardhini, usijisumbue kuingia.

Ukiingia, pitisha kiganja chako ukutani kisha kifute kwenye suruali nyeusi. Vumbi kidogo ni kawaida, unga mwingi ni mchanganyiko wenye mchanga kupita kiasi. Nyufa zilizosambaa kama ramani ya mito ni udongo wenye mfinyanzi kupita kiasi, au uliokosa majani makavu ya kuushika. Ukuta mzuri una rangi isiyo sawa kabisa, inayobadilika saa za asubuhi na jioni, na pembe zake zimeviringwa kidogo kwa mkono. Na usiagize mawe meusi ya volkeno ati kwa sababu uliyaona kwenye picha za Goma. Huko ni mawe ya mahali, mlima Nyiragongo huyaleta mlangoni. Kuyabeba kilomita mia tatu za barabara mbovu hadi Butembo ni kurudi kwenye mtindo wa bidhaa zilizosafiri.

Vilivyosukwa na kupigwa

Kirago cha mafunjo ukitandike na kukiinua kuelekea dirishani. Mafunjo yaliyokatwa machanga au kushonwa kabla ya kukauka husinyaa, na mwanga utapita katikati ya bua na bua. Hesabu mishono ya kamba: ikikaribiana kwa upana wa kiganja, kirago kitadumu, ikiwa mbali, kitafumuka kuanzia pembeni. Kunja ncha moja, isivunjike. Kisha kinuse. Harufu ya majani makavu ni sawa, harufu ya chumba kilichofungwa ni ukungu, na ukungu wa Masereka hautoki.

Kirago kikitumika kama dari, ni tiba ya kelele ya mvua juu ya manjanja (bati), na hukifanya chumba kiwe cha chini na cha karibu. Masharti yake ni mawili: nafasi ya hewa kati yake na bati, na umbali wa kutosha kutoka taa, mshumaa na bomba la moshi. Fundi asiyetaja moto mwenyewe kabla hujamuuliza hafai kukufungia dari hiyo.

Kikapu kipinduliwe, utazame kitovu chake, pale msukaji alipoanzia. Mwanzo uliopinda hauna dawa baadaye. Hupanda na kikapu hadi mdomoni. Bana mdomo kwa mikono miwili, uachie: urudi ulivyokuwa. Sugua rangi kwa kitambaa cheupe kilicholowa: isitoke. Na kikapu kilichosukwa ili kibebe viazi huwa bora kuliko kilichosukwa ili kitundikwe, hata kama unakusudia kukitundika.

Gome la mti linastahili nafasi yake. Wambuti wa msitu wa Ituri hupiga gome la mti jamii ya mkuyu hadi liwe kitambaa, na wanawake wao huchora juu yake mistari, vitone na nafasi tupu ambazo makavazi ya Ulaya na Marekani yamezikusanya. Upande wa pili wa mpaka, gome la Waganda, la mti wa mutuba, lilitambuliwa na UNESCO mwaka 2005. Shina lililovuliwa gome hufungwa majani ya mgomba, nalo huvaa gome jipya. Pimia vyote viwili kwa mwanga wa dirisha: unene uwe karibu sawa, bila mawingu meusi na matundu yaliyofichwa kwa gundi. Mchoro wa mkono hausemi jambo moja mara mbili. Ukiona kipande cha mchoro kikijirudia sawasawa, umeshika chapa. Usilibane gome moja kwa moja kwenye ukuta. Liachie upana wa kidole ili lipumue.

Mwanga na moto

Unaweza kununua kila kitu nilichotaja na kukiharibu kwa balbu moja. Balbu nyingi za bei rahisi, pamoja na zile za sola, hutoa mwanga mweupe wa kelvini 6,000 na zaidi. Chini yake mvule hugeuka kijivu na uso wa mgeni huonekana mgonjwa. Tafuta kelvini 2,700 hadi 3,000, namba huandikwa kwenye boksi. Kabla ya kulipa, iwashe dukani na uweke kiganja chako chini yake pamoja na nyanya moja: vyote viwili vionekane hai. Taa tatu ndogo za chini hushinda moja kubwa ya katikati.

Mchana, kumbuka tunakaa karibu kabisa na mstari wa ikweta. Nusu ya mwaka jua huelemea kaskazini, nusu nyingine kusini. Masereka inataka dirisha pana la mashariki linalopokea jua la asubuhi hadi kwenye kiti. Beni inataka kivuli upande wa magharibi. Fundi anayeuliza jua linatokea wapi kabla ya kupima fremu anajua kazi.

Kuhusu moto: kama nyumba ina meko ya ukutani, washa karatasi na utazame moshi unapoelekea. Kama haina, usiingize mbabula, yaani jiko la makaa, katika chumba kilichofungwa kwa ajili ya kupendeza au kuota. Gesi yake haina harufu na inaua watu waliolala.

Kupima chumba kizima

Baada ya kupima kimoja kimoja, simama mlangoni. Sebule nzuri ya mtindo huu ina malighafi tatu, nne kwa shida, zinazojirudia. Chumba chenye mianzi, gome, ngozi, jiwe, kamba na matawi makavu kwa pamoja ni duka la watalii. Mimea iwe hai na ya hapa. Jimbi kwenye chungu kilichopasuka mdomo hushinda maua ya plastiki kutoka mbali.

Kisha hesabu viti. Nyumba ya kwetu hupokea watu: wa msiba, wa posa, wa sala, wa kijiji waliokuja hospitali. Sebule ya asili yenye viti viwili vya kupigia picha na hakuna benchi la watu kumi imeshindwa kazi yake. Tazama pia mlangoni kama kuna jiwe la kukwangulia tope na mahali pa kuvulia viatu, maana asili ya Masereka huingia ndani kwa miguu.

Na uliza mti ulikotoka. Hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925 na kuwa urithi wa dunia mwaka 1979, iko jirani, na msitu wa Ituri unamalizika kwa misumeno isiyo na vibali. Mvule na libuyu viwe kwa mlango wa nje na fremu zinazopigwa na mvua, mahali ambapo mti mwingine ungeoza. Ndani, mkaratusi na grivilea za mkulima wa hapa zinatosha, na pesa inabaki mlimani.

Ukiwa na fedha kidogo, zipange hivi: paa lililotokeza na msingi mkavu, sakafu inayofaa mwinuko wako, meza moja ya kweli, viti, taa, kisha vya kusuka. Mapambo yaje mwisho, au yasije. Toa avansi ya mbao, usitoe ya kazi yote, na urudi kuziona zikiwa zimepangwa kwenye vijiti. Na kabla ya kupeana mikono, mwambie fundi akupeleke nyumbani kwa mteja aliyemfanyia kazi miaka mitano iliyopita, katikati ya msimu wa mvua. Akikubali bila kusita, umeshapata nusu ya ubora. Nusu iliyobaki utaikuta huko, ukiombwa kukaa kwenye kiti chake.